Ufa katika bastola ya babu

KALEMIE – Sisi watu wa Kalemie tumezoea kuangalia nyufa. Tarehe 5 Desemba 2005, mchana, tetemeko la ardhi la nguvu ya 6.8 lilipiga Ziwa Tanganyika. Nyumba zilibomoka, watu wakapoteza maisha. Tangu siku ile, mtu wa hapa akienda kupanga nyumba hapiti tu na macho, anapitisha na kidole ukutani. Mafundi wa kujenga walitufundisha kwamba ufa wa lipu ni kitu kimoja na ufa wa ukuta ni kitu kingine. Wa lipu unaupaka rangi na unaendelea kuishi. Wa ukuta unakuamuru utoke.

Leo ninawaletea habari ya ufa mdogo kuliko ukucha wa mtoto, katika chuma ambacho ukoo wetu ulikiamini kwa zaidi ya miaka 60. Ninaandika kwa sababu ninajua chuma kile si cha peke yake. Wasikilizaji wetu, na zaidi ndugu zetu waliohama makwao, wanajua kilichofichwa chini ya vitanda, ndani ya magunia na juu ya dari za nyumba nyingi. Silaha ninayoisema haiko tena mikononi mwetu, nitaeleza ilikwenda wapi. Majina ya watu wa nyumbani nimeyaacha kwa ajili ya usalama wao.

Bastola hiyo ilikuwa ya babu yetu. Alikuwa karani wa reli, enzi ya kampuni ya CFL, mji ungali ukiitwa Albertville. Reli hiyo ilifika hapa ziwani kutoka Kabalo mwaka 1915, na babu alikuwa akijivunia kwamba hakuna gunia lililotoka bandarini kwenda bara bila kupita katika daftari lake. Mwaka 1960, baada ya uhuru, askari walipoasi na Wazungu wengi wakaanza kukimbia, mkubwa wake wa kazi aliondoka usiku kwa mashua kwenda ng'ambo, Kigoma. Alimwachia babu funguo za ofisi, viatu jozi mbili, na bastola ile ndani ya kitambaa cha mafuta.

Ili kuelewa kwa nini wazee waliiheshimu, lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1890 serikali za Ulaya zilitia sahihi mkataba Brussels. Pamoja na mambo ya kuzuia biashara ya watumwa, mkataba huo ulizuia kuingiza na kuuza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini. Kongo yote imo humo. Mtu mweusi aliyetaka kuwinda alibaki na bunduki ya kushindilia, ndugu ya hizi pupu ambazo mafundi wa vijiji wanatengeneza mpaka leo. Bastola ilikuwa kitu cha wakala wa serikali, cha ofisa, cha mkubwa wa kampuni. Kwa hiyo babu alipofungua kile kitambaa, hakuona silaha tu. Aliona cheo ambacho watu wa rangi yake walinyimwa. Baba alituambia kwamba babu hakuipiga hata mara moja. Aliifungua, akaipangusa, akaifunga tena.

Mwaka 1964 waasi wa Simba walipouteka mji, babu aliizika nyuma ya lupango, chini ya mwembe. Mtu aliyekutwa na kitu kama kile siku zile angeweza kuuawa na upande huu au na upande ule. Iliposemekana hali imetulia, akaichimbua. Alipofariki, ilikwenda kwa baba mkubwa, ambaye alihamia upande wa Nyunzu kulima. Vita vya 1998 vilipokuja, baba mkubwa naye akaizika. Akaichimbua tena. Kisha akafariki, ikabaki na mjane wake, mama mkubwa, na kijana wao.

Wengi wenu mnajua yaliyotokea katika jimbo letu la Tanganyika kuanzia 2016, kati ya majirani waliokuwa wakilima pamoja na kuoleana. Sitayarudia. Mama mkubwa alikimbia mwaka 2017 na wajukuu watatu, sufuria moja, gunia la unga wa mahindi, na bastola ndani ya ule unga. Alitembea nayo siku nyingi, akipita mbele ya vizuizi vya watu wenye silaha, moyo ukimdunda kila gunia lilipoguswa. Alifika hapa Kalemie, akajenga kibanda cha nyasi na hema kama wengine. Unga uliisha. Bastola ilibaki.

Mwaka huu kijana wake, ambaye kwa desturi yetu ni ndugu yangu mdogo, aliamua kurudi kulima. Sababu zake zilikuwa nzuri. Kuishi kwa kubeba mizigo bandarini na kungoja kadi ya msaada si maisha ya mtu mwenye mikono miwili. Shamba la baba yake lipo, na asipolirudia, mwingine atalima. Lakini aliogopa usiku. Aliniambia:

– Yaya, kule hakuna polisi wa karibu. Wakija usiku, nitafanya nini? Angalau nikiwa na ile ya babu, watasikia mlio na watakimbia.

Alikuwa amekwisha kununua masasi sita, hakunieleza kwa nani. Yaliingia katika matundu, aliniambia, ingawa yalilegea kidogo. Alitaka tu fundi wa kuaminika aisafishe na kuikaza. Kwa kuwa mimi kwa kazi hii ya kutafuta habari ninajuana na watu wengi, alinijia.

Nilimpeleka kwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka 34 katika atelye ya reli. Si fundi wa silaha. Ni fundi wa magurudumu na ekseli, lakini kuhusu chuma hapa mjini ninamwamini yeye kuliko watu wengine wote. Tulimkuta uani, anatengeneza pampu ya baiskeli. Kijana alipofungua kitambaa, mzee hakuigusa. Alisema kwanza masasi yatolewe yote na yawekwe mbali, ndani ya bakuli, na watoto waondoke uani. Alihesabu mwenyewe matundu yote ili kuhakikisha hakuna lililobaki na kitu. Ndipo akakaa.

Alianza kwa kuitikisa polepole karibu na sikio. Akashika ile silinda inayozunguka, akaisukuma mbele na nyuma. Ilicheza. Akatuonyesha nafasi iliyopo kati ya silinda na mtutu, akasema nafasi hiyo inapaswa kuwa nyembamba kama karatasi, lakini hapa ukucha wake ulikuwa karibu kuingia. “Chuma hiki kimechoka,” akasema. “Sasa tutafute mahali kilipochokea.”

Bastola ya aina hii ina mwili mmoja wa chuma unaoshika kila kitu. Mafundi wetu wangeuita kadre, kama kadre ya baiskeli. Ni kama dirisha: silinda inakaa ndani ya dirisha, mtutu umefungwa kwa skrubu upande wa mbele, mpini uko nyuma. Sasi linapolipuka, moto unasukuma sasi mbele na wakati huo huo unasukuma kila kitu nyuma. Anayeshika pande hizo mbili zisiachane ni kadre. Kila mlipuko unaivuta kidogo. Kadre nzima inavutika na kurudi. Iliyochoka inavutika, inarudi, na siku moja hairudi.

Tuliangalia kwa macho, hatukuona kitu. Kulikuwa na kutu, mikwaruzo na mafuta ya zamani yaliyokauka kama lami. Mzee aliifungua vipande, akaosha kadre kwa esansi, akaipangusa mpaka ikang'aa. Bado hatukuona kitu. Kijana alianza kutabasamu.

Mzee akasema atatumia dawa ya reli. Watu wa reli, tangu zamani sana, kabla ya mashine za kisasa, walikuwa na njia yao ya kutafuta nyufa katika ekseli na magurudumu. Chuma kinalowekwa katika mafuta mepesi, yanapenya mahali ambapo jicho halifiki. Kisha kinapanguswa kikavu kabisa, kinapakwa unga mweupe wa chaki, na kinagongwagongwa. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka pole pole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Hapa alitumia petroli ya taa na chaki ya shule aliyoisaga na kuichanganya na pombe kidogo. Aliiacha kadre ndani ya petroli tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Tukala bukari na ndagala, tukangoja.

Alipoipaka chaki ikakauka, ikawa nyeupe kama mfupa. Akaigonga kwa mpini wa turnevisi, mara kumi hivi. Tukainama wote watatu. Chini ya mtutu, pale ambapo chuma ni chembamba kuliko mahali pengine kwa sababu kimetobolewa ili skrubu ya mtutu iingie, kijistari kilitokea. Kilikuwa na urefu wa nusu ya ukucha wangu. Dakika chache baadaye cha pili kikatokea juu, katika kona ya dirisha, kifupi zaidi.

Hakuna aliyesema kitu. Kijana alikuwa wa kwanza.

– Ni kadogo.

– Ekseli iliyomuua rafiki yangu ilianza na kadogo kama haka, mzee akajibu.

Nimerudi kusoma na kuuliza ili niwaeleze vizuri kwa nini ufa ulikaa pale. Bastola nyingi za enzi ile zilizofika Kongo zilitoka Liège, mji wa Ubelgiji kando ya mto Meuse, ambao kwa karne nyingi uliishi kwa kutengeneza bunduki. Ndiko ndugu wawili, Émile na Léon Nagant, walikotengeneza bastola ambayo Urusi iliichukua kwa jeshi lake mwaka 1895. Lakini mji huo ulitengeneza pia bastola za bei rahisi kwa wingi, vipande vikichongwa katika atelye ndogo ndogo, na ubora wake ulitofautiana sana. Ya kwetu jina la fundi limefutika. Imebaki alama ya herufi ELG ndani ya duara refu, muhuri wa nyumba ya kupima silaha ya Liège.

Muhuri huo unamaanisha kwamba bastola ilipigwa kwa baruti nzito ya kupimia na haikupasuka. Lakini ilipigwa kwa baruti gani? Baruti ya zamani ni nyeusi, inatoa moshi mwingi, na inasukuma taratibu. Mwishoni mwa karne ya 19 ikaja baruti mpya isiyo na moshi, yenye nguvu zaidi. Silaha zilizopimwa Liège kwa hiyo mpya zilipigwa alama ya simba juu ya herufi PV. Tulitafuta simba huyo kwa lupe, pande zote. Hayupo. Kwa hiyo hakuna kitu katika chuma kile kinachotuambia kwamba kiliwahi kupimwa kwa masasi ya namna ambayo kijana alinunua. Ongeza mara mbili kuzikwa katika udongo wenye maji. Kutu inatafuna mahali penye skrubu kwanza, kwa sababu unyevu unakaa humo na kitambaa hakifiki.

Nilimwuliza mzee kitu gani kingetokea kama angepiga. Alijibu bila kupamba. Labda sasi la kwanza lingetoka, na la pili. Kwa sababu ya mchezo ule wa silinda, tundu lisingelingana tena na mtutu, na sasi lingegonga ukingo na kutema vipande vya risasi ya moto pembeni, kwa jicho la mpigaji au la mtu aliyesimama karibu naye. Au ufa ungefunguka, mtutu ungeinama au kung'oka. Au sehemu ya juu ya dirisha ingepasuka na kuruka, nayo iko sentimita chache mbele ya uso. “Mwizi angesikia mlio, kweli,” mzee akasema. “Na angekukuta umelala chini.”

Wale wanaobeba makala kwa baiskeli kutoka vijijini wanalijua jambo hili kuliko mimi. Kadre ya baiskeli haikatiki siku unapopakia magunia matatu. Ilianza kukatika zamani, chini ya rangi, karibu na kiti, mahali ambapo rangi inapasuka na mstari wa kutu unatokea. Mpakiaji mwenye akili anaiona, anashusha mzigo. Mwingine anafunga mpira juu yake na kuendelea mpaka mteremko.

Kijana alisema basi tufanye sudire. Tunao wachomeleaji hodari hapa, wanaunganisha boti za chuma na fremu za pikipiki. Mzee alikataa. Alisema moto wa kuchomelea unabadilisha chuma pembeni ya ufa, unakifanya kilegee au kiwe kikavu kama chungu, na unakipinda. Boti inapovuja baada ya kuchomelewa unachota maji. Bastola inapovuja haikupi nafasi ya kuchota kitu.

Ndipo tukafika kwenye neno gumu, ambalo mimi nililiona machoni mwa kijana kabla hajalisema. Tulipokuwa njiani kurudi alilisema. Chaki imefutwa. Mafuta yamepanguswa. Kwa macho hakuna ufa. Kuna mtu anayetoa dola 150.

Msicheke, ndugu zangu. Dola 150 kwa familia iliyo katika kibanda cha nyasi ni mabati, ni mbegu, ni usafiri wa watu wanne mpaka kijijini, na kinachobaki kinalipa shule. Sikumkemea. Nilimwambia tu kwamba jambo hilo alipeleke kwa mama yake, kwa sababu bastola ni ya mama yake, na yeye ndiye aliyeibeba.

Mama mkubwa alikuwa akipepeta mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho, hata habari ya chaki. Akauliza swali moja tu: yule anayenunua, anainunua ya kufanyia nini? Kijana akasema hajui. Mama akasema:

– Mimi ninajua. Ataipeleka barabarani. Ikimpasukia, mama yake atalia. Isipompasukia, mama wa mwingine atalia. Mimi nimekwisha kuwa huyo mwingine. Toa kitu hicho katika nyumba yangu.

Baada ya hapo akasema neno ambalo limekaa kichwani mwangu kuliko mengine yote. Alisema: “Miaka yote hii nilidhani kinatulinda. Mbona mimi ndiye niliyekilinda?”

Nilikwenda nyumbani nikahesabu. Mwaka 1964 hatari ilikuja, babu akaizika. Mwaka 1998 hatari ilikuja, baba mkubwa akaizika. Mwaka 2017 hatari ilikuja, mama mkubwa akaificha ndani ya unga, na kama ingeonekana kwenye kizuizi wasingefika yeye wala wajukuu. Kila mara ambapo ilipaswa kutusaidia, ilikuwa ndicho kitu cha kwanza kufichwa. Hakuna hata usiku mmoja iliyosimama mlangoni kwetu. Na katika miaka hiyo yote, ndani ya kitambaa, chini ya mwembe, ilikuwa ikipasuka bila sisi kujua.

Kuitoa haikuwa rahisi kama kusema. Sheria yetu ya silaha na risasi, ile ya tarehe 3 Septemba 1985, hairuhusu raia kukaa na silaha bila kibali, na kila mtu hapa anajua mtu aliyekamatwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kuingia ofisini na bastola mfukoni, hata kwa nia njema, ni kujitafutia taabu. Kwa hiyo tulikwenda kwanza mikono mitupu. Tulimwona shefu wa kartiye, kisha padri wa parokia, wakakubali kuwa mashahidi. Wao ndio waliozungumza na wahusika kabla ya silaha kutoka nyumbani. Mzee wa reli aliitenganisha: kadre peke yake, silinda peke yake, masasi katika mfuko wa tatu.

Siku ya kwanza tuliambiwa mkubwa hayupo. Siku ya pili mtu fulani aliomba feza ya karatasi, shefu wa kartiye akamwangalia mpaka akanyamaza. Siku ya tatu ilipokelewa. Tuliomba maandishi, tukapewa: tarehe, vitu vilivyopokelewa, sahihi, muhuri. Karatasi hiyo mama mkubwa ameifunga ndani ya plastiki pamoja na kadi yake ya uchaguzi.

Wakati wa kurudi mzee alitukumbusha kwamba katikati ya miaka ya 2000, hapa Katanga, mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC walikuwa wakiwapa baiskeli watu waliorudisha silaha. Kijana akasema: “Basi mimi nimechelewa baiskeli.” Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ya chaki. Leo kuna programu ya taifa ya kupokonya silaha na kurudisha watu katika maisha ya kawaida, P-DDRCS, iliyoundwa mwaka 2021. Hiyo inahusu zaidi watu wa makundi yenye silaha. Familia yenye kitu cha zamani chini ya kitanda inahitaji njia yake, na kwa sasa njia hiyo inapita kwa watu wanaoaminika katika mtaa.

Kwa wale walio na kitu kama hiki nyumbani, haya ndiyo niliyojifunza kutoka kwa mzee.

Usiipige ili kuijaribu. Silaha iliyozikwa au iliyokaa miaka haina jaribio dogo, sasi la kwanza ndilo jaribio lenyewe.

Usiamini kwamba sasi linaloingia ni sasi lake. Kuingia si kulingana.

Usiitupe chooni, mtoni wala kichakani. Watoto wataiokota.

Usiichomelee, usiigonge kwa nyundo, na usichome masasi ya zamani katika moto.

Usiiuze. Ufa uliofutwa chaki bado ni ufa, na wewe ndiye unayejua ulipo.

Na kabla ya kuitoa, tafuta mashahidi wawili wanaoheshimiwa, waende mbele yako, na usirudi bila karatasi.

Mtaniuliza: na ule woga wa usiku, kijana ameufanyia nini? Swali ni halali, kwa sababu kuondoa bastola hakuondoi wezi. Yeye na wenzake wanne wa kijiji kimoja waliamua kurudi pamoja badala ya kila mtu peke yake. Wamejenga vibanda vyao karibu karibu, wakazungumza kwanza na wazee wa pande zote mbili, na wanalima kwa zamu shamba la huyu na la yule. Usiku mmoja wao anakesha, na kila mmoja ana filimbi shingoni. Ikilia mara moja, wengine wanaitika. Ikilia mara mbili, wote wanatoka na tochi.

Wiki iliyopita alituma habari kwa dereva wa lori. Filimbi ililia mara mbili usiku mmoja tu tangu wafike. Walipotoka walikuta ni mbuzi wa jirani katika mihogo. Mahindi yamefika magotini, na anaomba mama yake atumiwe salamu kupitia kwetu: wajukuu wasije bado, wangoje mavuno.